Tallinn kwa siku mbili: mlango upi ulipie, upi uupite

Wengi wetu tunafika Tallinn kwa kupitia Helsinki. Unaishi huko au una ndugu huko, unapanda feri asubuhi, saa mbili baadaye uko Estonia, na una siku moja au mbili za kutembea kabla ya kurudi kazini. Visa ya Schengen ni ileile, pesa ni yuro tangu 2011, na kutoka bandarini hadi Mji Mkongwe unakwenda kwa miguu. Shida inaanzia kwenye tiketi. Mji una makumbusho chungu nzima, na viingilio vya huku si vya kuchezea, hasa ukiwa na watoto.

Msimamo wangu nautoa mapema: lipia milango miwili kwa siku, basi. Mji Mkongwe wenyewe, ulioingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1997, hauna kiingilio. Ukuta uliobaki una urefu wa karibu kilomita 2, minara yake zaidi ya 20 bado imesimama, na njia za mawe unazikanyaga bure. Kwa hiyo mbele ya kila kaunta ya tiketi jiulize: humu ndani kuna nini ambacho sikioni nikiwa nje? Nimeyapanga hapa yale ambayo watu hushindwa kuchagua kati yake.

Lennusadam au Paks Margareeta

Yote mawili ni ya makumbusho ya bahari, na ndiyo maana mtu hudhani akiona moja ameona yote. Sivyo.

Lennusadam ni mabanda ya ndege za baharini, zile zinazotua majini, yaliyojengwa 1916 na 1917 wakati Urusi ya kifalme ikiimarisha ulinzi wa pwani hii. Paa lake ni kuba tatu za zege jembamba, kazi iliyokuwa ya kishujaa kwa wakati ule, na hadi leo wahandisi huja kulitazama paa kabla hawajatazama kitu kingine. Mabanda yalikaa yakibomoka kwa miaka mingi, yakakarabatiwa, na makumbusho yakafunguliwa 2012. Ukiingia unajikuta juu, kwenye njia iliyoinuliwa, na vyombo vimening'inia na kutandazwa pande zote kwenye mwanga hafifu wa buluu: maboya, mizinga, mashua, na katikati nyambizi Lembit.

Lembit ndiyo sababu ya kulipa. Iliundwa Uingereza kwa ajili ya jeshi la maji la Estonia, ikashushwa majini 1936, ikachukuliwa na Wasovieti 1940, ikapigana vita nzima upande wao. Ina urefu wa karibu mita 60, na unaingia ndani yake. Kichwa umekiinamisha, ushoroba ni mwembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibane kwenye mabomba. Kila mahali pana mkono wa kuzungusha, saa ya kupima kitu, waya. Vitanda vimebanwa karibu na mirija ya torpedo. Mtu mrefu atatoka na kovu la heshima kwenye paji la uso. Mwenye hofu ya sehemu finyu abaki nje na kushika mikoba ya wenzake.

Nje gatini imefungwa Suur Tõll, meli ya mvuke ya kuvunja barafu iliyoundwa 1914. Shuka hadi kwenye matanuri. Pale ndipo unapoelewa kwamba Bahari ya Baltiki huganda, na kwamba biashara ya miji hii wakati wa baridi ilitegemea watu waliokuwa wakipakia makaa kwa sepetu.

Paks Margareeta ni mnara mnene wa mviringo mwishoni mwa barabara ya Pikk, karibu na lango la zamani la kwenda baharini. Ulifunguliwa upya 2019, na hazina yake ni mabaki ya jahazi la mbao la karne ya 14, aina iliyobeba mizigo ya wafanyabiashara wa Hansa, ule muungano wa miji ya biashara ya Baltiki. Lilifukuliwa 2015 huko Kadriorg, kwenye eneo la ujenzi, mahali ambapo leo ni nchi kavu kabisa. Kwa mtu wa pwani, mbao zile zina mengi ya kusema: jinsi zilivyopandiana, jinsi zilivyozibwa, ukubwa wa tumbo la chombo. Kwa mtoto wa miaka saba, ni mbao nyeusi.

Kwa hiyo ukiwa na watoto, au ukiwa na siku moja tu, nenda Lennusadam na uitengee nusu siku. Mvua ikikukamata mjini na una saa moja na nusu, Paks Margareeta inatosha, na ukimaliza unapanda juu ya paa lake kuangalia bandari.

Niguliste, na makanisa mengine

Makanisa ya zamani yapo mengi. Toomkirik kule juu kwenye kilima cha Toompea limejaa ngao za mbao za koo za mabwana wa Kijerumani, kubwa kuliko milango, zimetundikwa hadi darini. Kanisa la Aleksandr Nevski la Waorthodoksi, lililokamilika 1900, linapendeza zaidi kwa nje. Ndani dakika kumi zinatosha.

Niguliste ni habari nyingine, na kama ningeambiwa nilipie mlango mmoja tu ndani ya Mji Mkongwe, ni huu. Lilianzishwa karne ya 13 na wafanyabiashara wa Kijerumani. Usiku wa tarehe 9 Machi 1944 ndege za Kisovieti zilipolipua mji, liliungua. Baadaye lilijengwa upya, na tangu 1984 ni makumbusho ya sanaa ya kanisa.

Ndani kuna mchoro wa Bernt Notke wa Lübeck, Ujerumani, wa mwishoni mwa karne ya 15, unaoitwa Ngoma ya Mauti. Kilichobaki ni kipande cha mita saba na nusu hivi. Kushoto kabisa mhubiri yuko mimbarini. Anayefuata ni Mauti ameketi akipiga zumari ya mfuko, kisha Mauti mwingine amebeba jeneza begani huku akimvuta Papa. Wanafuata kaisari, mke wake, kardinali na mfalme, na kati ya kila wawili kuna mifupa inayocheza, imewashika mikono. Wakubwa hao wamevaa vitambaa vilivyochorwa kwa uangalifu ambao utakufanya usogee karibu mpaka mlinzi akukohoe. Chini ya miguu yao kuna mashairi ya kujibizana kwa Kijerumani cha kale cha kaskazini: Mauti anaita, mkubwa anajitetea. Nyuma ya mchoro ni mandhari ya kawaida kabisa, vilima na mji, maisha yanaendelea.

Kanisa hilohilo liliwahi kuwa na maiti iliyokaa bila kuzikwa. Duke de Croÿ aliongoza jeshi la Urusi kwenye vita vya Narva mwaka 1700, akatekwa na Waswidi, akafa Tallinn 1702 akiwa na madeni. Wadai wake wakakataa azikwe mpaka walipwe. Mwili ukakauka badala ya kuoza, ukawa kivutio cha wageni, na haukuzikwa mpaka 1897. Utalii wa mji huu haukuanza jana.

Kuna pia madhabahu kubwa ya karne ya 15 iliyotengenezwa Lübeck, na nyingine iliyochorwa Bruges kwa ajili ya Udugu wa Vichwa Vyeusi. Ukishaiona hiyo ya pili, toka uende Pikk namba 26, kwenye nyumba ya udugu huo. Walikuwa wafanyabiashara vijana wasiooa, wengi wageni, na msimamizi wao alikuwa Mtakatifu Maurisi, askari Mwafrika. Kichwa chake cheusi kimechongwa kwenye mlango uliopakwa rangi ya kijani, nyekundu na dhahabu, wa karne ya 17. Watu hupiga picha na kupita. Sisi tuna sababu ya kusimama zaidi kidogo: huyu ni mtu mweusi aliyewekwa mlangoni na wenye mali kuwa alama ya heshima yao, katika mji ambao wengi wao huenda hawakuwahi kumwona Mwafrika. Kutazama mlango ni bure.

Kupanda juu

Kuna njia nyingi za kuona mapaa mekundu ukiwa juu, na hapa ndipo watu wanapopoteza pesa bila sababu. Mabaraza ya Kohtuotsa na Patkuli kule Toompea ni bure, yako wazi usiku na mchana, na picha nyingi za Tallinn unazoziona mtandaoni zimepigwa pale. Nenda asubuhi kabla abiria wa meli za kitalii hawajapanda.

Ukitaka zaidi, Kanisa la Oleviste lina mnara wa mita 124. Unapanda ngazi za mawe zaidi ya 200, nyembamba, za kuzunguka, mpaka kwenye baraza la nje. Wakati wa baridi hufungwa. Niguliste nayo ina lifti ya kioo ndani ya mnara, kwa hiyo mwenye magoti mabovu, mjamzito au mzazi aliyekuja kutembelea watoto wake Ulaya hana sababu ya kujitesa Oleviste. Mnara wa televisheni, mita 314, uliojengwa kwa ajili ya mashindano ya mashua ya Olimpiki ya 1980, una ghorofa ya kutazamia kwenye mita 170, lakini uko mbali na kutoka kule Mji Mkongwe unaonekana mdogo. Kwa siku mbili, uupite.

Mnara wa Kiek in de Kök na mahandaki yake

Huu ulijengwa kuanzia karne ya 15 kwa ajili ya mizinga. Kwa nje bado utaona risasi za mizinga za mwaka 1577 zimenasa ukutani, za jeshi la Tsar Ivan IV lililouzingira mji likashindwa. Hizo ziko bure, tazama juu tu. Unacholipia ni ndani, na hasa mahandaki yaliyo chini ya maboma ya Kiswidi ya karne ya 17. Humo kuna baridi ya nyuzi 7 au 8 mwaka mzima, hivyo usishuke na fulana hata kama juu ni Julai. Mahandaki hayo yalikuwa ya askari, kisha maficho ya raia wakati wa mabomu, kisha yakaandaliwa kwa vita vya nyuklia ambavyo havikuja.

Kama umechoshwa na panga na mizinga, huu uache. Ila ujue kwamba kuanzia 1742 hadi 1752, mji ulipokuwa bado unaitwa Reval, kamanda wake mkuu alikuwa Abram Petrovich Gannibal. Alichukuliwa Afrika akiwa mtoto, akapelekwa Istanbul, akafika kwa Petro Mkuu, Tsar wa Urusi, akasomea uhandisi wa ngome Ufaransa, akapanda cheo mpaka kuwa jenerali. Mshairi Pushkin ni kitukuu wake. Ukitembea juu ya maboma haya, unatembea kwenye kazi iliyokuwa chini ya Mwafrika.

Hoteli Viru au Vabamu

Hapa wengi hukwama, maana yote mawili yanahusu enzi ya Kisovieti.

Viru ni hoteli ndefu pembezoni mwa Mji Mkongwe, iliyofunguliwa 1972 kwa ajili ya wageni wa kutoka nje, Wafini hasa, waliokuja na pesa za kigeni. Lifti ilionyesha ghorofa 22. Ya 23 ilikuwa ya KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti. Walipoondoka 1991 waliacha mitambo yao, na leo chumba kile ni makumbusho madogo. Huingii peke yako: unakwenda na kikundi na mwongozaji, kwa saa maalumu, na nafasi hujaa, hivyo weka nafasi mapema kwenye tovuti yao. Utaona vifaa vya kunasia sauti, sahani na visahani vya majivu ya sigara vilivyofichwa vipaza sauti, na mlango ulioandikwa kwa Kirusi kwamba hapa hakuna kitu. Waongozaji husimulia kwa mzaha mkavu wa Kiestonia, ambao huchukua dakika kumi kuuzoea. Vitu ni vichache. Kinachouzwa ni hadithi.

Vabamu, makumbusho ya miaka ya kukaliwa na ya uhuru, ilifunguliwa 2003 kwa msaada wa Mmarekani mwenye asili ya Estonia, Olga Kistler-Ritso, na ikapangwa upya 2018. Unapewa kifaa cha kusikiliza na kutembea kwa mwendo wako. Hapa ndipo utakapoelewa mfuatano: Wasovieti 1940, Wajerumani 1941, Wasovieti tena 1944 hadi 1991. Utasikia watu wanavyoeleza Machi 1949, familia zilipopakiwa kwenye mabehewa kupelekwa Siberia, zaidi ya watu 20,000 kwa siku chache, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Utasikia pia tarehe 23 Agosti 1989, watu wapatao milioni mbili waliposhikana mikono kudai uhuru, kuanzia Tallinn, kupitia Riga ya Latvia, hadi Vilnius ya Lithuania.

Mimi napeleka wageni wangu Vabamu. Viru inachekesha, na ukikaa na marafiki jioni utakuwa na cha kusimulia, lakini mtu akitoka pale anajua zaidi kuhusu vipaza sauti kuliko kuhusu Waestonia. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi, yote mawili hapana.

Kumu au kasri la Kadriorg

Panda tramu hadi Kadriorg. Kasri lilianza kujengwa 1718 kwa amri ya Petro Mkuu, kwa heshima ya mkewe Katarina, na fundi wake alikuwa Mwitaliano Niccolò Michetti. Ndani kuna sanaa ya nje ya Estonia, na ukumbi mkuu wenye dari ya kupendeza. Kama umewahi kuingia kasri lolote la Ulaya, hili halitakushtua. Bustani yake haina kiingilio, na ndiyo bora zaidi ya kasri lenyewe.

Kumu, makumbusho ya sanaa ya Estonia, iko juu kidogo, jengo la mwaka 2006 la msanifu Mfini Pekka Vapaavuori, lililopewa tuzo ya makumbusho bora ya Ulaya 2008. Usikose sehemu ya enzi ya Kisovieti. Katika ukumbi mmoja, wachoraji walioamriwa kuchora matrekta na wafanyakazi wenye tabasamu. Kando yao, wenzao wa miaka ileile waliojificha kwenye michoro isiyo na maana iliyo wazi ili wasishikwe kwa neno. Ukitoka Vabamu asubuhi ukaja Kumu mchana, siku yako imeshonana vizuri. Kumu, bila kusita.

Rocca al Mare

Makumbusho haya ya wazi yako magharibi mwa mji, unakwenda kwa basi. Yalianzishwa 1957: nyumba za mashamba, vinu vya upepo, kanisa la mbao na shule, vilivyobomolewa vijijini na kusimamishwa tena humu msituni kando ya bahari, kwenye hekta zaidi ya 70. Wengi huyaacha kwa sababu ya umbali, na naelewa. Lakini fikiria hivi. Mji Mkongwe uliouzunguka siku nzima ulitekwa na Wadenmark 1219, ukauzwa kwa watawa wapiganaji wa Kijerumani 1346, ukawa wa Waswidi 1561, wa Warusi 1710, na muda wote huo wenye maduka na nyumba za Pikk walikuwa hasa Wajerumani. Waestonia walikuwa wakulima, na hadi 1816 wengi walikuwa wamefungwa kisheria kwenye ardhi ya bwana. Anayeona Mji Mkongwe tu ni kama aliyefika Unguja akalala Mji Mkongwe wetu bila kuvuka kwenda Ng'ambo.

Nyumba zile zina paa la nyasi linaloshuka karibu na ardhi, na chumba kimoja kikubwa chenye tanuri lisilo na bomba, ambamo watu waliishi na nafaka ilikaushwa kwa moshi uleule. Kuta bado ni nyeusi. Kwenye mkahawa wa Kolu utapata supu ya mbaazi na mkate mweusi. Kwa wenye watoto na hali nzuri ya hewa, pa kwenda siku ya pili ni hapa. Kwa mvua au Novemba, hapana.

Yaliyobaki ya mfukoni

Jumba la Chama Kikuu la 1410 lina historia ya nchi kwa ufupi. Ingia kama unatafuta joto. Ukumbi wa Mji, uliokamilika 1404, unaonekana vizuri zaidi ukiwa umekaa uwanjani mbele yake. Duka la dawa la Raeapteek palepale uwanjani limetajwa tangu 1422 na bado linauza dawa. Wana chumba kidogo cha maonyesho, na waliwahi kuuza unga wa kalunguyeye aliyechomwa. Dakika kumi na tano, bila kulipa.

Tallinn Card ya saa 24, 48 au 72 inaingiza kwenye makumbusho mengi na usafiri wa mji. Ukifuata kanuni yangu ya milango miwili, piga hesabu kwanza: Lennusadam na Kumu siku moja, pamoja na tramu na basi, hesabu hukaribiana, ukiongeza mlango wa tatu kadi inashinda. Familia yenye watoto itazame tiketi ya familia ya kila makumbusho kabla ya kununua kadi. Usidanganyike na habari kwamba usafiri Tallinn ni bure. Ni bure tangu 2013 kwa wakazi walioandikishwa; wewe gusisha kadi yako ya benki kwenye mashine, mlango wa mbele.

Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, hasa kuanzia Oktoba hadi Aprili. Desemba mwanga wa mchana ni kama saa sita tu, hivyo kwenye giza la saa kumi jioni uwe tayari ndani, Niguliste au Kumu, na mambo ya nje uyafanye kabla. Juni ni kinyume chake: jua halitui mpaka usiku, unaweza kumaliza makumbusho yote mawili, ukala, na bado ukapanda Kohtuotsa kukiwa na mwanga. Na kama feri yako inafika Jumatatu ya Januari na kuondoka siku hiyohiyo, badilisha tiketi ya feri kuwa Jumanne.